Chiriku Aliyeimba Mahali Asipotakiwa

Bhai Kayum Baksh, muadhini wa msikiti wetu wa Santa Ramona, hakumwambia mkewe uongo. Siku Bibi Kamroon alipomwambia, "Ndege au mimi, chagua," aliinamisha kichwa kwa utiifu, akalitwaa lile tundu, akatoka nalo mlangoni. Aliporudi mikono mitupu mkewe alimpokea kwa furaha, akiamini kwamba chiriku ama ameuzwa ama amepewa mtu. Kayum hakusema ameuzwa, wala hakusema amepewa mtu. Alinyamaza tu, na kimya chake kikasema uongo kwa niaba yake, kwa ufasaha ambao ulimi wake usingeuweza.

Chiriku alikuwa mlimani, ndani ya nyumba ya zamani ya kukaushia kakao, ile yenye paa la kusukumwa kwenye reli, ambayo hapana mtu aliyekuwa akiikaribia tangu shamba lile lilipoachwa. Kila siku baada ya sala ya alfajiri, Kayum alishika panga na kusema anakwenda kutazama viazi vikuu vyake. Sote tulistaajabu kwamba mtu aweza kuvipenda viazi vikuu kiasi kile, ilhali sokoni hakuleta hata kimoja.

Nisimdhulumu Bibi Kamroon. Hakuwa mwanamke mwenye roho mbaya, wala hakuwachukia viumbe wa Mwenyezi Mungu. Lakini siku wazee wa bwana harusi walipokuja kumposa binti yao, baba wa binti hakuonekana. Alikuwa bonde la pili, chini ya nguzo mbili zilizotundikwa matundu mawili, akisikiliza ni chiriku yupi atakayemshinda mwenzake kwa kuimba, kama wafanyavyo wanaume wetu kila Jumapili. Wageni walipokewa na shemeji. Baada ya alasiri Kayum alitokea, tundu mkono wa kulia na kikombe cha ushindi mkono wa kushoto, akauliza kwa uchangamfu, "Jamani, magari yote haya nje, kuna msiba?"

Ndege mwenyewe aliitwa Nawabu. Alikuwa mweusi kama wino, tumbo lake rangi ya mdalasini, na domo lake nene kama la mtu aliyezoea kutoa amri. Binti yao, Nazreen, alipoolewa na kwenda kuishi Kanada, nyumba ikabaki na watu wawili na Nawabu, na Kayum alizidi kuzungumza na Nawabu. Hilo ndilo lililomchoma mkewe, wala si kelele.

Basi ikatokea kwamba Bi Gemma Lezama, mzaliwa wa mlima huu anayefundisha elimu ya wanyama katika chuo kikuu huko mjini, alikuja kusimama kwenye lango la msikiti baada ya sala ya Ijumaa, kisha Jumapili akasimama kwenye mlango wa kanisa la La Brisa, kijiji kilicho upande wa pili wa mlima. Alitaka watu wa kujitolea. Siku moja ya Jumamosi wapande pamoja naye, wahesabu kila aina ya ndege aliyebaki katika milima yetu, ili ijulikane nani yupo na nani ametoweka.

"Si mashindano," alisema. "Nawaomba sana. Ni kazi ya elimu."

Katika kisiwa hiki hatuwezi hata kupanga mstari wa kununua mkate bila ya kutafuta mshindi. Haikupita juma moja, Juman, fundi wetu cherehani, alikwisha kushona jezi za kijani zenye maandishi SANTA RAMONA mgongoni. La Brisa wakajibu kwa jezi nyekundu. Nahodha wao alikuwa Cuthbert Salazar, mkulima wa kakao na mpiga gitaa dogo la nyuzi nne, ambaye chiriku wake aliwahi kuaibishwa na Nawabu mbele ya umati. Tangu hapo yeye na Kayum walikuwa marafiki wa namna ile isiyoweza kuketi pamoja bila ya kugombana, wala kukaa mbali bila ya kuulizana.

Siku ya kuamkia zoezi, Bi Gemma alitukusanya uani kwa msikiti, sisi na watu wa La Brisa, akatueleza utaratibu. Sote tutapanda kwa njia moja, ile ifuatayo mgongo wa mlima hadi kijitoni. Kijani watazame mkono wa kushoto, wekundu mkono wa kulia. Ndege akionekana au akisikika, na yeye akiridhika, ataandikwa.

"Na chakula cha mchana?" akauliza Salazar, ambaye hakuna elimu iliyowahi kumsahaulisha tumbo.

"Kwenye nyumba ya zamani ya kakao," alijibu Bi Gemma. "Kina mama wameshakubali kupika pale. Bibi Kamroon ndiye mkuu wao."

Kayum, aliyekuwa akivaa viatu, alivaa cha kushoto katika mguu wa kulia, akaenda nacho hivyo hadi kwake.

Yaliyofuata niliyajua baadaye. Asubuhi ya zoezi aliadhini kwa haraka ambayo sikuwa nimepata kuisikia kwake, akasali nyuma karibu na mlango, na mimi, imamu wao, nilipogeuka kutoa salamu ya mwisho nafasi yake ilikuwa tupu. Alipanda mlima kwa kukimbia, mzee wa umri ule, akamtoa Nawabu katika nyumba ya kakao, akavuka naye kijito, akalitundika tundu juu ya mti wenye majani mengi, akalifunika kwa shuka. Chiriku akifunikwa hunyamaza, hilo kila mmoja wetu analijua. Kisha akateremka kuja kutupokea, jasho likimtiririka.

"Umetoka wapi, bhai?" nikamuuliza.

"Kutazama njia, Imamu. Isije ikawa na utelezi."

"Mvua haijanyesha mwezi mzima."

"Ndiyo maana nimerudi haraka."

Tukapanda. Ulikuwa wakati wa kiangazi, na miti mirefu inayotia kivuli mikakao ilikuwa imechanua rangi ya moto, mlima wote kama umewashwa taa. Na ndege, subhanallah, walikuwa wengi kuliko tulivyodhani. Tuliwapata ndege wavumao wakining'inia hewani mbele ya maua, tukampata tukani na domo lake kama kiatu cha mtu tajiri, tukamsikia ndege kengele akigonga chuma chake kule bondeni. Bi Gemma aliandika, akitabasamu. Sisi hatukutabasamu, kwa maana wekundu walikuwa nao wanapata.

Tumbusi mmoja akatoka upande wetu, akapita juu ya vichwa vyetu, akaenda upande wao.

"Wetu!" akapiga kelele Juman.

"Wenu kwa lipi? Anaruka kwetu," Salazar akajibu.

"Ametokea kwetu!"

"Mtu akitokea kwenu akaja kula kwangu, ni mgeni wangu. Mwandike, mwalimu."

"Una hati yake ya kuzaliwa?"

"Nina pua, Juman. Harufu yake ni ya La Brisa kabisa."

"Hapo umesema kweli," alisema Juman, na hata wekundu wakacheka. Bi Gemma akasema tumbusi ni wa Mungu, akamwandika mara moja kwa wote, na ugomvi ukaisha kwa kila upande kuamini kwamba umedhulumiwa.

Tulipokaribia kijito hesabu ilikuwa sawasawa. Watu walikuwa wameacha mzaha, wamekaza macho. Kayum peke yake alikuwa akitembea nyuma, akitazama vidole vya miguu. Ndipo, kutoka ng'ambo ya maji, ikaja sauti.

Sitaweza kuieleza kwa asiyewahi kuisikia. Ilianza chini, kama mtu anayefikiri, ikapanda kidogo kidogo, ikageuka, ikamwagika kwa shanga ndefu zisizokatika. Wanaume wote, kijani na wekundu, waliganda. Katika kundi lile hapana aliyehitaji kuambiwa ni ndege gani anayeimba. Wote walilelewa chini ya matundu, na wangemtambua chiriku hata wakiwa ndani ya usingizi.

Kayum akakohoa. Kilikuwa kikohozi kikubwa, cha mtu anayetaka kusikika hadi mjini.

"Nyamazeni," alisema Bi Gemma, akiinua mkono.

"Tumbusi!" alipaza sauti Kayum, akionyesha mahali pasipo na kitu. "Tazameni, tumbusi yule! Tena mkubwa!"

"Bhai Kayum, tafadhali."

"Na kasuku! Kasuku tele, huku chini, twendeni huku chini!"

"Funga mdomo, Kayum!" Salazar akanguruma. "Huyo ni chiriku, tena mwituni!"

Sauti ikaja tena, na mwisho wake ikajikwaa kidogo, kama kigugumizi kitamu. Bi Gemma alikuwa amepiga magoti katika majani makavu. Nilidhani ameumia. Kumbe analia.

"Mara ya mwisho nilipomsikia katika mlima huu," alisema, "nilikuwa na babu yangu, nimeshika kidole chake. Nilikuwa mtoto. Tumewatafuta miaka yote hii. Tuliandika kwamba wamekwisha." Akafuta macho kwa mkono wa shati. "Hawakwisha."

Jezi za kijani zikarukaruka. Sauti ilitoka kushoto kwa njia, na Juman alimkumbatia kila aliyemfikia, hata mwekundu mmoja kwa bahati mbaya. Salazar alidai kwamba kijito kina kona, na kwamba ukiihesabu kona hiyo mti ule ni wa La Brisa tangu enzi za mababu. Katika ghasia hiyo Kayum alinishika mkono, akanivuta nyuma ya mti.

"Imamu, nimekwisha."

"Una nini?"

"Yule ndege namjua."

"Sote tunamjua. Ni chiriku."

"Mimi namjua kwa jina."

Nikamtazama. Akanieleza yote kwa pumzi moja, mpaka kwenye shuka, ambalo bila shaka upepo ulikuwa umeliondoa. Nikajikuta nataka kucheka, na cheo changu kikanizuia.

"Basi nenda ukamwambie mwalimu," nikasema.

"Nikimwambia yeye, Kamroon atajua kabla ya adhuhuri. Aliniambia akimwona tena ndege huyo katika maisha yangu, anahamia kwa dada yake, huko mji wa Chaguanas. Wewe unamjua Kamroon. Akisema anahama, anahama na masufuria."

"Na usipomwambia?"

"Nitakuwa nimemdanganya mwalimu. Na mlima mzima."

"Na Mola wako anakuona."

"Imamu, nakuomba, usiniongezee mashahidi."

Tuliporudi, Bi Gemma alikuwa akitoa amri. Hapana mtu atakayevuka kijito, maana pengine ndege ana kiota. Jioni ile ile atawaita wenzake wa mjini, wapige mahema hapa hapa, wakae wiki nzima wakisikiliza.

"Wiki nzima!" alisema Kayum. "Na maji? Na chakula?"

"Tutabeba wenyewe, usijali."

"Si chenu. Chake."

"Cha nani?"

"Cha... ndege."

"Bhai Kayum," alisema kwa upole, kama anayemtuliza mgonjwa, "ndege wa mwituni hujitafutia."

Tukateremka kwenye nyumba ya kakao. Harufu ya pelau ilitupokea mbali, wali na kuku na mbaazi katika tui, na sukari iliyounguzwa kidogo kama inavyotakiwa. Kina mama walikwisha kusikia habari, kwa sababu Juman alikuwa ametangulia akipiga kelele njia nzima. Bibi Kamroon alisimama mbele ya sufuria kubwa, mwiko mkononi, na uso wake ulikuwa na nuru ambayo sikuwa nimeiona tangu harusi ya binti yake.

Kayum alipewa sahani akaketi pembeni. Hakula. Mtu anayemjua Kayum na pelau angejua hapo hapo kwamba kuna jambo.

Bi Gemma aliposhukuru kina mama, Bibi Kamroon aliomba aseme neno moja. Yeye si mtu wa kusema mbele za watu. Alishika mwiko kwa mikono miwili.

"Mwalimu, mimi ndege nilikuwa siwapendi," alisema. "Nasema kweli. Mume wangu alikuwa na chiriku kama huyo, anampenda kuliko macho yake, na mimi nilimwambia amwondoe. Akamwondoa. Hakunung'unika hata siku moja. Kila siku anakwenda zake kwenye viazi, anarudi, ananiuliza nimelalaje. Nikajua huyu mtu amenitolea kitu kikubwa. Sasa leo nasikia Mwenyezi Mungu amemrudisha chiriku mlimani, huru, aimbe bila tundu, nami moyoni nasema hii ni thawabu ya Kayum." Akageuka kumtazama. "Nilikuwa sijakwambia ahsante. Basi ahsante, baba Nazreen."

Kina mama wakafuta machozi kwa shela. Salazar mwenyewe aliacha kutafuna.

Nimesoma mawaidha juu ya mimbari kwa muda mrefu, na sijapata kuona maneno yakimfanyia mtu kama yale yalivyomfanyia Kayum. Aliinuka, sahani ikamponyoka, wali ukamwagika juu ya viatu vyake.

"Yule ni Nawabu," alisema.

Hapana aliyeelewa.

"Ndege aliyeimba si wa mwituni. Ni Nawabu wangu. Sikumuuza. Nilimficha humu humu, kwenye nyumba hii, siku zote hizi. Leo alfajiri nimemtundika ng'ambo ya kijito. Hakuna viazi, Kamroon. Viazi vilikufa tangu mwaka jana."

Kisha Juman akaruka juu.

"Msimsikilize! Anajifanya walii! Mtu mnyenyekevu huyu, hataki sifa, ndiyo maana anasema hivyo. Kaa chini, bhai, ndege ni wetu!"

"Nakwambia ni wangu."

"Ndiyo, ni wetu, wewe si wa Santa Ramona?"

"Mimi namwamini," alisema Salazar kwa utamu mwingi. "Namwamini kabisa. Mtu mwaminifu, muadhini! Mfuteni huyo chiriku haraka."

Bi Gemma aliinamia daftari lake. Bibi Kamroon aliuweka mwiko juu ya sufuria polepole, akavua aproni, akaikunja pande nne.

"Twendeni tukamwone," alisema.

Ukapandwa tena mlima ule, safari hii na kina mama wakiwemo, na hapana aliyetazama kushoto wala kulia. Tukavuka kijito. Tundu lilikuwapo, shuka limeanguka limenasa katika tawi la chini, na ndani yake Nawabu ameketi juu ya kijiti chake, amevimba, akitutazama kwa dharau kama mfalme aliyekatizwa usingizi.

"Haya, mmeridhika?" alisema Kayum.

"Tumeona ndege ndani ya tundu," Juman alijibu. "Nani ametuambia ndiye aliyeimba? Huyu mnene labda ni bubu. Aliyeimba yupo humu humu mwituni, alikuja kumtembelea mwenzake. Mwalimu, sivyo? Elimu haitaki ushahidi?"

Bi Gemma alivuta pumzi. "Inataka," alisema. Na nikaona kwamba alikuwa na tumaini lililobaki, dogo, analishika kwa ncha ya vidole. "Yule wa asubuhi hujikwaa mwishoni. Nimesikia vizuri. Nikimsikia huyu nitajua."

Tukangoja. Nawabu alijipekua mbawa. Tukangoja zaidi. Alikula mbegu moja, akatema ganda mbele ya umati wa vijiji viwili.

"Hataimba hivyo," alisema Salazar, ambaye mambo ya chiriku yalimshinda uadui. "Chiriku anataka mpinzani. Wangu yuko nyumbani. Kayum, mwanzishie mwenyewe."

"Hapa?" alisema Kayum. "Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu gani? Jumapili hufanyi?"

"Jumapili ni wanaume tu."

Akamtazama mkewe. Bibi Kamroon alikuwa ameketi juu ya jiwe, mikono mapajani, uso hausomeki. "Anzisha," alisema. "Jumapili mimi husikia mlango tu ukifungwa. Nami nisikie."

Muadhini wetu akavua kofia, akaifinya mkononi, akalamba midomo. Akapiga mbinja.

Nilimsikia akiadhini maisha yangu yote, wala sikujua kwamba ndani ya kifua kile mlikuwa na jambo hili jingine. Ilianza chini, kama mtu anayefikiri. Ikapanda. Hakufanya haraka, hakujionyesha. Macho aliyafumba, na kofia aliifinya mpaka ikapoteza umbo. Miti ilinyamaza, au labda sisi ndio tulioacha kuisikia. Alipofika mwisho akajikwaa, kigugumizi kile kile, nikafahamu kwamba ndege alikuwa amekichukua kwa mwalimu wake.

Nawabu akainua kichwa. Akanyoosha shingo, akajaza kifua, akajibu, na mwishoni akajikwaa.

Bi Gemma alimfuta chiriku daftarini kwa mstari mmoja wa kalamu. Haukuchukua muda.

"Ndiye," alisema.

"Nisamehe, mwalimu," alisema Kayum. "Nimekupa furaha ya bure."

"Ya asubuhi moja." Alijaribu kutabasamu. "Na babu yangu naye alikuwa na matundu, bhai. Ukuta mzima. Mlima huu hauna hata mmoja kwa sababu sote tuliwapenda namna hii." Akaifunga kalamu. "La Brisa mna aina nyingine ambayo hamjaitaja?"

"Hapana," alisema Salazar, kisha akakumbuka. "Lakini tuna bundi mmoja, amelala katika mwembe wa kanisa. Tulikuwa tumemweka akiba."

Wakashinda kwa bundi. Juman alivua jezi yake akaikalia.

Lakini macho yote yalikuwa kwa Bibi Kamroon. Aliinuka juu ya jiwe, akaenda mpaka chini ya tundu, akatazamana na Nawabu uso kwa uso. Nami nikasogea, kwa kuwa kazi ya imamu ni kusogea wakati kama ule, nikatayarisha maneno ya sulhu, mazuri sana, ambayo sikupata nafasi ya kuyatumia.

"Kayum," alisema, "niteremshie."

Kayum akapanda, akaliteremsha tundu. "Utamwacha aende?" akauliza. "Atakufa, Kamroon. Amezaliwa ndani ya tundu. Hajui kutafuta."

"Nani amesema aende? Ndege hajanidanganya." Akalipokea tundu, akalifunika kwa ushungi wake. "Ndege anakuja nyumbani. Wewe utabaki kwenye nyumba ya kakao."

"Mpaka lini?"

"Mpaka viazi viote."

Akateremka mlima, kichwa wazi, Nawabu mkononi, na kina mama wote nyuma yake kama msafara wa bibi harusi. Salazar alivua kofia walipopita.

Kayum akakaa kwenye nyumba ya kakao na godoro lake. Aliteremka kuadhini, akapanda tena. Alijaribu kujipikia, na moshi wake ulionekana mpaka La Brisa. Salazar alituma mtu aulize kama mlima unaungua. Jioni ya siku ya pili nilimpelekea chakula, nikamkuta ameketi chini ya paa lililosukumwa wazi, akitazama mbingu kwa macho ya mtu aliyesahauliwa na dunia.

"Hajambo?" aliuliza.

"Nani, Kamroon?"

"Kamroon. Ndege najua hajambo."

Nikamwambia hajambo. Sikumwambia kwamba nilipopita mlangoni kwake nilimwona ameliweka tundu juu ya meza ya kulia chakula, upande wa kiti cha Kayum, akimsomea ndege gazeti.

Nilikuwa bado namfungulia sufuria tuliposikia hatua. Bibi Kamroon alisimama mlangoni, anatweta kwa kile kilima, nywele zimetoka katika ushungi.

"Huyu ndege wako," alisema, bila salamu kwa mtu yeyote, "toka mapambazuko haachi. Anaimba, anafika mwisho, anajikwaa, anangoja. Ananitazama. Nikinyamaza anaanza upya. Nimempa mbegu, nimempa maji, nimemsomea mpaka matangazo ya vifo. Njoo umnyamazishe."

Kayum aliinuka polepole, kama anayeogopa kumtisha mnyama. "Umenisamehe?"

"Nimesema njoo umnyamazishe. Umesikia neno jingine hapo?"

"Sikusikia."

"Haya. Godoro utabeba mwenyewe, mimi si punda."

Akalibeba. Nami nikainuka na sufuria yangu, nikawafuata mpaka mlangoni, nikamuuliza Bibi Kamroon nikitie wapi chakula hiki. Alikuwa ameshatangulia njiani, mumewe nyuma yake, godoro likiburuza nyasi.

"Ukile mwenyewe, Imamu," alisema, bila kugeuka. "Yeye atakula kwangu."